Kambamti wa patipati: shajara ya kuvua besi ukingoni mwa Ziwa Naivasha

Jumatano usiku, mezani

Lengo la mradi ni lile lile: kuunda chambo bandia kwa vitu vya kutupwa, kifanane na kambamti mwekundu, yule kamba wa maji baridi mwenye magando, kwa umbo na hasa kwa mwendo, kisha kimtoe besi Ziwa Naivasha mimi nikiwa nimesimama nchi kavu. Mashua haimo katika hesabu. Kuikodi asubuhi nzima ni ghali, na isitoshe besi ni samaki wa pembezoni. Hupenda kivuli, gogo, shina la mti, mahali popote pa kujibanza akimvizia mpita njia. Ukimlipa mtu akupeleke katikati ya ziwa, utajikuta unarusha mshipi kuelekea kule kule ulikotoka.

Kwa wasiomjua, besi ana mgongo wa kijani iliyokolea, tumbo jeupe na mstari mweusi unaokatikakatika ubavuni hadi mkiani. Mdomo wake ni mpana kiasi kwamba, akiufumba, pembe ya taya hupita nyuma ya jicho. Si mwenyeji. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili walowezi wapate samaki wa kuvua kwa burudani, miaka michache baada ya tilapia kutiwa ziwani mwaka 1925. Kambamti naye aliingizwa mwaka 1970, na asili yake ni kusini mwa Marekani, pande za Louisiana. Yaani besi alikaa Naivasha miaka arobaini na ushei kabla ya kuletewa chakula cha kwao. Watafiti waliopasua matumbo ya besi wa ziwa hili baadaye waliona kwamba wadogo hula wadudu wa majini, lakini samaki akishapita sentimita 26 hivi, kambamti ndiye anayemshibisha. Mradi huu wote umesimama juu ya jambo hilo moja.

Sasa kazi yenyewe. Toleo lililopita lilikuwa na nati iliyovishwa kwenye shina la ndoana. Nati ikivishwa hivyo huzunguka itakavyo, na chambo hulala ubavu chini ya maji huku ncha ya ndoana ikichimba matope. Kambamti halali ubavu. Akihisi hatari, hurudi kinyumenyume kwa kupiga mkia, kisha husimama na kuinua magando juu kumtisha adui. Hayo ndiyo mambo mawili ninayoyataka: kuvutwa kinyumenyume, na kuinua magando kinapotua.

Bahati nzuri ndoana yenyewe inanisaidia. Mshipi hufungwa kwenye tundu, kwa hiyo nikiweka mkia upande wa tundu na magando upande wa pindo, kila nikivuta chambo kinakimbia kinyumenyume bila ufundi wowote wa mkono. Kuhusu magando, patipati ndiyo jibu. Soli yake ya sponji huelea. Nimekata vipande viwili vya umbo la koleo, kila kimoja urefu wa kucha ya kidole gumba, nikavifunga karibu na pindo upande ule ule wa ncha. Nati nimeihamisha hadi karibu na tundu na kuilaza chini ya shina, nikaikaza kwa waya wa shaba niliotoa kwenye mota ya feni iliyoungua, kisha nikapaka gundi ya epoksi. Uzito uko chini na mbele, mwelea uko juu na nyuma. Kwa nadharia kitasimama chenyewe.

Miguu na sharubu nimechana kutoka tyubu ya baiskeli, nyuzi nyembamba kadiri mkasi ulivyoniruhusu. Nyembamba hutikisika hata maji yakisogea kidogo tu. Nene hukaa tu.

Risasi nimeikataa kwa makusudi. Chubwi za risasi huzama vizuri na ni rahisi kuzimimina, lakini vyambo vingine vitabaki ziwani, hilo halina ubishi, na risasi ni sumu kwa ndege wanaookota vitu chini. Nati ya chuma itapata kutu na kuisha.

Ijumaa jioni, majaribio ya beseni

Nimetengeneza uzito wa aina mbili: nati ya spana 13, yenye gramu tano hivi, na ya spana 10, ambayo ni kama nusu yake. Beseni la kufulia, maji hadi ukingoni, tochi ya simu kando.

Ya spana 13 inashuka kwa kishindo, inatua, magando yanapanda juu na kubaki hapo yakiyumba. Nimecheka peke yangu. Ya spana 10 inashuka polepole mno, karibu ielee, na ikitua inachukua muda kuamua isimame vipi, lakini mwishowe husimama. Kwa macho yangu ya nchi kavu ya kwanza ndiyo nzuri zaidi. Besi ndiye atakayetoa hukumu.

Nimeongeza kinga ya takataka: kipande cha mshipi mzito kilichofungwa karibu na tundu na kupindwa hadi kikaribie ncha ya ndoana, ili kikwepe matawi lakini kibonyee samaki akiuma. Rangi ni mbili: tyubu tupu nyeusi, na nyingine niliyoipaka rangi ya kucha nyekundu iliyokolea niliyopewa na dada yangu kwa masharti ya kuletewa samaki.

Fimbo ni ile ya mtumba kutoka Gikomba, imara kiunoni na laini kidogo nchani. Mshipi ni wa kilo tano. Nimechora alama za sentimita kwenye mpini kwa wino usiofutika ili nisitembee na rula.

Jumamosi asubuhi, ufuo wa Kamere

Matatu ya kwanza ya barabara ya Moi South Lake imeniteremsha gizani, nami nikakaa kwenye kibanda cha chai mpaka kupambazuke. Hapa si mahali pa kwenda ukingoni usiku. Viboko hutoka majini jioni kula nyasi, na alfajiri hurudi kwa njia zao zile zile. Kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji, hazunguki. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mradi huu haihusu ndoana: jua lionekane kwanza, na ukiona njia pana iliyolainishwa ikiingia kwenye mafunjo, matope yake yakiwa bado na maji, simama mbali nayo.

Mzee mmoja wa pale hunisaidia sana. Amevua ziwa hili tangu ujana, na siku hizi hushona nyavu za wenzake chini ya mti. Nilimwamkia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, kijana. Umerudi na vile vyambo vyako?"

Nilimwonyesha chambo kipya. Alikishika, akakigeuzageuza, akavuta gando moja kwa kucha.

"Hii ni patipati."

"Ndiyo, Mzee wangu."

"Ya kushoto au ya kulia?" Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akawa makini. Alinyosha kidole kwenye migunga iliyokufa imesimama majini, mita kadhaa kutoka tulipokuwa. "Zamani hapo tulikuwa tunafunga mbuzi. Uzio wa waya upo chini bado. Usitupe kule mbali. Tupa kufuata uzio."

Maneno hayo yamenifaa kuliko kila nilichokuwa nimesoma kuhusu kupanda kwa maji ya ziwa hili. Naivasha lilianza kujaa baada ya mwaka 2010, na kufikia 2020 lilikuwa limemeza mashamba, barabara na nyumba za watu. Kwa waliohamishwa ni hasara isiyosemeka. Kwa besi, ukanda mzima wa migunga, vichaka na nguzo uligeuka makazi. Na kwa mvuvi asiye na mashua, makazi hayo yako umbali wa kurusha tu. Zamani ukingo wa ziwa ulikuwa wa mafunjo au tope tupu, na ilibidi uwe na chombo ili ufike penye kitu cha kujibanzia samaki.

Ubaya ni kwamba pa kusimama pamepungua. Sehemu kubwa ya ukingo wa kusini ni ya mashamba ya maua, mahoteli na nyumba za watu, na njia za umma za kufikia maji ni chache. Maji yalipopanda, hizo chache nazo zikafupishwa. Asubuhi ya leo tulikuwa wengi kwenye kipande kidogo: wavuvi wanaopakua nyavu, akina mama wanaonunua samaki, korongo wakubwa wenye vipara wakingoja matumbo ya samaki, nami na fimbo yangu. Kibali nilikuwa nacho mfukoni, na niliwajulisha wasimamizi wa ufuo kabla ya kufungua begi. Adabu hiyo haigharimu kitu.

Saa kumi na mbili na dakika hamsini

Nimeanza na ya spana 13, nyeusi. Nilirusha sambamba na ukingo, kufuata mstari wa uzio. Inakwenda mbali kwa raha. Inazama. Inanasa. Nikailegeza, ikatoka. Nikarusha tena, ikanasa kwenye waya, ikabaki huko. Ya pili ya uzito huo ilidumu muda mrefu zaidi lakini nayo ilikuwa ikipiga chini na kuingia katikati ya matawi kabla sijaweza kuisogeza. Katika beseni hakuna matawi.

Nikabadilisha, nikafunga ya spana 10. Hapo mambo yakawa mengine. Inashuka taratibu kando ya shina la mgunga, miguu ya tyubu ikitetemeka njia nzima, na ikigusa tawi inalipanda badala ya kulikwama. Namna ya kuivuta: iache ishuke mshipi ukiwa umelegea kidogo, hesabu kimoyomoyo mpaka itue, ngoja. Inua ncha ya fimbo kwa kiganja tu, iruke kama shibiri mbili, iache itue tena. Kungoja ndiko kazi kubwa. Mkono wangu unataka kuzungusha rili kila wakati.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Hili ni tatizo la kweli kwa besi, kwa sababu huwinda kwa macho. Mto Malewa huleta udongo kutoka mashamba ya juu, na tangu mwaka 2001 kapi, yule samaki mkubwa wa magamba mapana na sharubu nne, amekuwa akifukua tope la chini akitafuta chakula. Siku hizi ni miongoni mwa wanaojaa kwenye nyavu. Mzee anasema besi wamepungua tangu kapi aenee, na kambamti vilevile. Mimi nakubaliana naye, na ndiyo maana naona rangi nyeusi ina nafasi kubwa kuliko nyekundu: kwenye maji machafu kitu cheusi hujitokeza kwa umbo lake, rangi nyekundu huzama ikapotea.

Saa moja na nusu hivi

Wa kwanza. Sikuhisi mgongo wa fimbo ukipigwa wala nini. Chambo kilikuwa bado kinashuka, kisha nikaona mshipi unakwenda kando juu ya maji, kuelekea kushoto, wakati hakukuwa na upepo. Nikanyanyua. Besi mdogo, urefu wa kiganja na nusu, ameng'ata gando la sponji huku ndoana imemshika pembe ya mdomo. Nilimrudisha majini.

Nilipoketi kufikiri, nikaona jinsi alivyouma kunaeleza mengi. Besi haumi kwa kufukuza na kurarua. Hufungua lile domo ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na kilichomo. Akikuta kitu kigumu, hukitema mara moja, na wewe ukingoni hujajua lolote. Sponji na tyubu ni laini, naye huchelewa kidogo kutema. Huko kuchelewa ndiko kunakonipa nafasi ya kuona mshipi ukisogea. Vyambo vya plastiki ngumu vinavyouzwa madukani havikupi hiyo nafasi, ndiyo maana vimewekewa ndoana tatu tatu, ambazo katika migunga hii zingenasa kila mrusho.

Kuanzia hapo niliacha kutazama ncha ya fimbo. Natazama mahali mshipi unapoingia majini.

Saa mbili na robo

Jua limepanda, na upande wa mashariki wa mashina haukupata tena chochote. Nilihamia upande wa kivuli, nikarusha kupita mgunga mkubwa wa mwisho ili chambo kirudi kikipakana na shina. Kilishuka, kikatua. Nilingoja. Nikainua kidogo, nikangoja tena. Mshipi ukakaza wenyewe, polepole, bila mtikisiko, nikadhani ni tawi. Kisha tawi likaanza kuogelea.

Besi hukimbilia kilindini au penye matawi, na huyu alichagua uzio. Fimbo ya Gikomba ilipinda hadi kwenye mpini. Nilimzuia kwa kushusha ncha ya fimbo upande, karibu na maji, badala ya kuielekeza mbinguni. Ukimvuta kwa ubavu anageuza kichwa, ukimvuta juu anaruka. Aliruka hata hivyo, mara moja, akatikisa kichwa, magando ya patipati yakaonekana kwenye kona ya mdomo wake. Watoto waliokuwa wakichota maji wakapiga kelele. Mzee aliacha sindano ya nyavu akasimama.

Nilimshika kwa kidole gumba ndani ya taya la chini. Meno yake ni madogo mno, yanakwaruza tu, na akishikwa hapo hutulia. Cha kujihadhari ni miiba ya pezi la mgongoni. Kwenye alama za mpini alifika sentimita 38.

Huyu sikumrudisha. Najua huko alikotoka watu huwabusu na kuwaachia, na kwenye maji yao ya asili wana haki. Hapa hadithi ni nyingine. Naivasha lilikuwa na samaki wake mdogo, Aplocheilichthys antinorii, aliyeonekana mara ya mwisho mwaka 1962, na besi ni miongoni mwa wanaolaumiwa kwa kutoweka kwake. Nikivua mkubwa mmoja kwa ndoana, nikiheshimu msimu na kibali, silali macho.

Baada ya saa tatu

Nilijaribu ile nyekundu kwa muda ule ule na mahali pale pale. Mguso mmoja wa mashaka, huenda ulikuwa wa tilapia anayedonoa miguu ya tyubu. Siwezi kusema nyekundu haifai kwa sababu kivuli kilikuwa kimeshapungua, lakini sitaitengeneza nyingine mpaka maji yatakapokuwa safi.

Kiboko alijitokeza nje ya mafunjo, mbali, akapumua kwa kishindo akazama. Tulirudi nyuma hatua kadhaa sote, hata wale waliozoea. Nilihama hadi upande wa pili wa gati.

Karibu saa nne upepo ukaanza. Asubuhi Naivasha hutulia ukaweza kuona mdudu akitembea juu ya maji. Mchana hubadilika, mawimbi yakapiga ukingo na tope likanyanyuka. Chambo cha gramu mbili na nusu hakiwezi kurushwa dhidi ya upepo ule, na hata kingerushwa, mshipi ungepeperuka usione unakokwenda. Hapo ndipo ya spana 13 ingekuwa na kazi, mahali pasipo na matawi. Nimefunga begi.

Jumamosi mchana, jikoni

Dada yangu alimpaa magamba, mimi nikaomba tumbo. Ndani kulikuwa na vipande vya magamba magumu mekundu na gando moja zima la kambamti, la ukubwa wa magando yangu ya sponji kasoro kidogo. Kando yake, tilapia mchanga aliyekwisha kulainika. Kwa hiyo kambamti bado yumo kwenye chakula chake, lakini hali kambamti peke yake. Samaki mmoja si utafiti, ila amenitosha kuendelea na umbo hili.

Magando nitayapunguza kwa robo. Kambamti mkubwa mwenye magando makubwa ni taabu kummeza, na kama mimi ningekuwa besi ningemchagua mdogo.

Samaki alikaangwa, akaliwa kwa ugali na sukuma wiki. Nyama nyeupe, imara, miiba michache. Dada amesema deni la rangi ya kucha limelipwa nusu.

Jumapili, mpango wa toleo lijalo

Nati za spana 10 tu kwa sehemu yenye miti. Nati nilizonazo zimeng'aa mno, nitaziloweka maji ya chumvi zipate kutu kidogo kabla ya kuzifunga. Kinga ya mshipi mzito imefanya kazi lakini imepinda na haikurudi, kwa hiyo najaribu nywele za ufagio wa nailoni, tatu au nne zikifungwa pamoja. Epoksi imeshika vizuri, waya wa shaba haujasogea, sponji ya gando moja imeraruka pale meno yalipopita. Hilo ni sawa. Patipati haziishi mtaani.

Bado sijaamua kuhusu ndoana. Nilizotumia ni za namba 2/0, na shina lake ni fupi kwa mwili wa kambamti. Mzee ana ndoana za zamani za shina refu, zina kutu ya juu tu, na amekubali kunipa pakiti nikimtengenezea mjukuu wake vyambo viwili. Ametaka viwe vyeusi, na ameniagiza niache alama ya mtengenezaji wa patipati ionekane.